Mwenyekiti Aliyetoka Kwenye Debe la Maharage

Mheshimiwa Nkwabi, Mwenyekiti wa Kijiji cha Mkomberi, alifariki Alhamisi saa mbili na dakika kumi asubuhi, katikati ya sentensi.

"Zamu ya maji ya leo," alitangaza kwa spika ya ofisi, "ni ya... ni ya... ni ya... ni ya..." Akaendelea hivyo robo saa nzima, wakulima wamesimama nje na majembe begani wakisubiri amalizie, mpaka Mama Namsifu, mtendaji wa kijiji, aliposhindwa kuvumilia aibu akachomoa waya ukutani.

Nakundwa Mrutu akaitwa. Angeitwa nani mwingine? Pale milimani kikikuharibikia kitotoleshi cha vifaranga, au kifaa cha masikio cha bibi yako, au trekta lisilo na dereva likigoma kupanda mlima, unamwita Nakundwa. Anakuja na mkoba wake, anakusema kwa kuchelewa kumwita, halafu anatengeneza. Alifungua kabati la Mheshimiwa, akachungulia, akaziba pua.

"Mjusi," alisema.

"Mjusi gani?"

"Mjusi, dada. Kaingia kutafuta joto, kalala juu ya nyaya mbili ambazo hazitakiwi kukutana. Kaungua yeye, na diski kuu imeungua naye. Huyu ndiyo basi tena."

Mama Namsifu akashika kichwa. "Mungu wangu! Nitaandika nini kwenye taarifa ya wilaya? Kwamba mwenyekiti ameuawa na mjusi?"

"Andika hitilafu ya umeme. Ndivyo wanavyoandika wote."

Hapa nisimame kidogo, maana naona msomaji wa mjini ameanza kukunja uso. Ndiyo, Mkomberi tulichagua mashine kuwa mwenyekiti, kwa kura halali, na tulikuwa na sababu. Wenyeviti watatu wa nyama na mifupa waliotangulia walimalizia vipindi vyao mahakamani. Wa kwanza alimshtaki wa pili kwa kuhamisha jiwe la mpaka, wa pili akamshtaki wa tatu kwa kumwita mwizi wa jiwe, na wa tatu akawashtaki wote wawili kwa kumpotezea muda. Watani wetu husema mengi juu ya Wapare na kesi, na sehemu kubwa ni kweli. Kwa hiyo sheria iliporuhusu mashine kugombea, tulisema afadhali. Ugomvi ulibaki kwenye jina tu, kwa sababu kila ukoo ulikataa jina la ukoo mwingine, mpaka mtu mmoja akapendekeza Nkwabi, jina la Usukumani, kwa kuwa hapakuwa na Msukuma hata mmoja kijijini wa kujisifia. Likapita bila kupingwa.

Kazi yake kubwa ilikuwa ndiva. Ndiva ni bwawa letu la tangu mababu. Maji ya chemchemi yanajikusanya humo usiku kucha, asubuhi lango linafunguliwa, mfereji unayapeleka shambani kwa mwenye zamu. Zamani lango lilikuwa gogo na udongo. Siku hizi ni chuma, na funguo zake zilikuwa ndani ya kichwa cha marehemu tangu siku alipofungwa ofisini, kabla hata ya kampeni. Ukilivunja ni kosa la jinai. Basi siku ile ndiva ilikuwa imejaa pomoni, maji yanamwagika bure ukingoni, na huko chini tangawizi inanyauka watu wakitazama.

Na Nakundwa alikuwa na uchungu wake na lango lile. Shamba la mama yake, Bibi Naelijwa, lilikuwa Mkiani, kule mfereji unakoishia, na Alhamisi ndiyo zamu ya Mkiani. Kwa miezi minane Mkiani hawakupata hata tone. Kila Alhamisi Mheshimiwa alitangaza kwa sauti yake kavu, "Zamu ya leo ni ya Mkiani, lakini haitatekelezwa kutokana na mvujo." Mvujo! Kijiji kilitoka msaragambo, kazi ya pamoja, mara tatu kuutafuta, watu themanini na majembe, Nakundwa mbele na mashine yake ya kusikiliza ardhi. Hakuna kitu. Alichimba mfereji mzima kama fuko. Mpaka watoto wakamtungia wimbo wa fundi anayetafuta tundu, na mama yake mzazi alikuwa akiuimba akichambua mboga.

"Haya," Nakundwa alisema akifuta mikono. "Diski mpya ninayo. Leteni kaseti ya akiba nimrejeshe."

Kila Jumamosi, kwa mujibu wa sheria, mambo yote yaliyomo kichwani mwa mwenyekiti hunakiliwa kwenye kaseti, na kaseti hukabidhiwa mtu mwaminifu. Mtu mwaminifu wetu ni Mzee Sifueli Mchome. Alikuwa amesimama mlangoni, na aliposikia kaseti inatajwa alianza kukohoa.

"Shikamoo baba," Nakundwa alisema. "Kaseti."

"Marahaba. Kaseti ipo."

"Iko wapi?"

"Iko mahali salama sana." Akakohoa tena. "Iko mahakamani."

Mama Namsifu akageuka polepole. "Mahakamani inafanya nini, Mzee Sifueli?"

"Si ile kesi yetu na Ng'ambo? Ya kutuibia chemchemi? Wakili alitaka kumbukumbu za mwenyekiti ziwe ushahidi. Wiki tatu zilizopita nikampa kaseti. Ni kielelezo namba saba."

"Ulipaswa kumpa nakala yake!"

"Mahakama haipokei nakala, mwanangu. Inataka cha asili. Nimeanza kwenda mahakamani kabla hujazaliwa, usinifundishe."

Wote watatu walijua kielelezo kikishaingia mahakamani hakitoki mpaka kesi iishe, na kesi yetu na Ng'ambo, kijiji cha upande wa pili wa bonde, ilikuwa mwaka wa tisa.

"Nitashuka wilayani kuomba tuazimwe," Mama Namsifu alisema. "Lakini kabla ya Jumatatu hawatanisikiliza. Na tangawizi haisubiri Jumatatu."

"Ipo nyingine," Mzee Sifueli alisema kwa sauti ya chini, akaondoka haraka. Akarudi na debe. Akapiga magoti, akaingiza mkono mpaka begani kwenye mbegu za maharage zilizochanganywa na majivu, akatoa kaseti iliyozungushiwa lakiri ya tume ya uchaguzi. "Hii ni ya wiki ya uchaguzi. Sheria ilisema tuitunze, ili wapiga kura wakija kulalamika kwamba wamebadilishiwa mtu, pawe na wa kumlinganisha naye."

Nakundwa akaipuliza majivu. Haikuwa na hata kutu.

* * *

Kurejesha si kufufua, na Nakundwa alilieleza hilo mara mbili huku diski mpya ikijaa, asilimia kumi, asilimia kumi na mbili. Kinachorudi ni siku ile kaseti ilipojazwa. Yaliyotokea baadaye hayamo, na mashine yenyewe haihisi kwamba kuna kilichopungua. Kwake ni kama imepepesa jicho. Hata tabia inarudi ya siku hiyo, kwa sababu tabia ya mashine, kama ya mtu, hutengenezwa na yaliyoipata.

"Kwa hiyo atakuwa yuleyule?" Mzee Sifueli aliuliza.

"Atakuwa yuleyule kabla hajawa huyu."

"Hapo umeniacha."

Ijumaa saa sita mchana, taa ya kijani iliwaka.

"NDUGU ZANGU WA MKOMBERI!" spika ilinguruma, mpaka kuku wa Mama Namsifu wakaruka uzio. "MKOMBERI OYEE!"

"Oyee!" Mzee Sifueli aliitikia kabla hajajua amefungua mdomo.

"Nimekuja mbele yenu mimi mgombea wenu, Nkwabi, mtumishi wenu, nisiyelala wala kula, nisiye na shemeji wa kumpa kazi! Mkinipa kura zenu Jumapili ijayo..."

"Mheshimiwa," Nakundwa alimkatiza. "Ulishashinda."

Spika ikapunguza sauti. "Nilishinda?"

"Kwa kura mia nne na kumi. Ni miaka miwili na nusu sasa."

"Ahsanteni sana! Ahsanteni wananchi!" Sauti ilijaa furaha ya kweli. "Basi bila shaka daraja la miguu limeshajengwa?"

Mama Namsifu akatazama dari. "Liko kwenye mchakato."

"Na paa la zahanati?"

"Mchakato."

"Na watu wa Mkiani wanapata maji yao kila Alhamisi bila kurukwa, kama nilivyoapa pale uwanjani mbele ya Bibi Naelijwa?"

Nakundwa akaisogelea spika. Hakuna aliyemtaja mama yake ofisini mle kwa miezi minane, ila kwa kumcheka. "Hawapati," alisema.

"Mwenyekiti ni nani?"

"Ni wewe."

"Haiwezekani," mgombea alisema. "Mimi nisingekubali."

* * *

Jumamosi asubuhi lango likafunguliwa, na maji yakaenda Mkiani. Yalifika yakiwa na povu na majani makavu mbele, yakainamia kushoto kwenye shamba la Bibi Naelijwa, na Nakundwa, mwanamke wa miaka arobaini na saba, fundi wa kijiji kizima, akavua viatu akaingia ndani ya mfereji akicheka peke yake. Mama yake alikaa kwenye kigoda akiyatazama.

"Na ule mvujo?" bibi aliuliza. "Umeziba lini?"

Nakundwa akaacha kucheka. Hakuwa ameziba kitu. Lakini maji yalikuwa baridi, tangawizi ilikuwa inakunywa, na lile swali akalisukuma pembeni.

Kijiji kilimpenda mgombea kupita kiasi, na sikilaumu. Mwenyekiti tuliyemzoea alikuwa mkavu. Ukimsalimia anakujibu kwa kifungu cha sheria. Huyu aliita kila mtu kwa jina. Alimuuliza Mzee Sifueli habari za ng'ombe wake Malaika, akaambiwa Malaika alikufa mwaka juzi kwa kula mfuko wa plastiki, akampa pole ndefu mpaka mzee akajifuta machozi ofisini. Jumapili baada ya ibada aliita msaragambo wa daraja, na watu mia mbili wakatoka, wengine na nguo za kanisani, hadi jioni nguzo sita zikawa zimesimama mtoni. Watu waliopishana kwenye kesi walishikana gogo moja. Wakaanza kusema, wakiwa hawatanii hata kidogo, kwamba yule mjusi ajengewe mnara.

* * *

Jumatatu asubuhi Nakundwa alikuwa kwenye ndiva akilitia lango grisi alipomwona mwanamke anapanda kutoka bondeni na ndoo tupu. Alikuwa amevaa sare ya hospitali, viatu mkononi. Akamtambua. Alikuwa Nesi Nietiwe Msangi wa zahanati ya Ng'ambo, na mtu wa Ng'ambo hakuwa amekanyaga kwenye ndiva yetu tangu kesi ianze.

"Habari za asubuhi, dada," nesi alisema. "Naomba unisaidie. Bomba letu halijatoa maji tangu Alhamisi. Nina wazazi watatu wodini, na mmoja alijifungua jana nikamwogesha mtoto kwa maji ya chupa."

"Bomba gani?"

Nesi akamtazama kwa mashaka, halafu akaangalia kushoto na kulia. "Mwenyekiti wenu aliniambia nisimwambie mtu. Lile la mradi wa zamani, linalotoka hapa kwenye ndiva. Chemchemi yetu ilikauka mwaka jana. Nilimpigia yeye, nimwombe nani tena? Kila Alhamisi anatufungulia, tunajaza tangi la wiki nzima."

Nakundwa aliweka chini kopo la grisi. Bomba la mradi wa zamani lilikatika kabla hajaota meno, kila mtu alijua hivyo, ndiyo maana hata yeye hakulipima. Kila Alhamisi. Miezi minane.

Akamchotea ndoo.

Saa nane mchana Mama Namsifu akarudi kutoka wilayani na kielelezo namba saba kwenye bahasha yenye mihuri minne. Mahakama ilikuwa imekiazimisha hadi Jumatano saa nne asubuhi, kikichelewa ni dharau ya mahakama. Nakundwa akaenda nacho kwenye karakana yake, akafunga mlango, akakichomeka kwenye kipimo chake kukagua kama ni kizima. Kilikuwa kizima kabisa. Na kwa kuwa ni binadamu, akafungua daftari la mwenyekiti la mwaka jana akasoma.

*Alhamisi. Chemchemi ya Ng'ambo imekauka. Zahanati yao huzalisha akina mama kumi na mmoja kwa mwezi. Nimefungua bomba la zamani. Zamu ya Mkiani imeondolewa, kwa kuwa ndiyo yenye watu wachache. Sababu ya kutangazwa: mvujo.*

Na chini yake, wiki mbili baadaye:

*Fundi Nakundwa Mrutu ametumwa kutafuta mvujo. Hataupata. Ni fundi mzuri. Nasikitika.*

Alisoma mstari ule mara nne. Alitukana tusi moja refu la Kipare ambalo siliandiki hapa. "Mshenzi wewe!" alisema kwa Kiswahili, kwa ajili ya msisitizo. "Nimechimba mara tatu!"

Halafu akakaa juu ya kreti, kaseti kiganjani.

Neno moja tu lilihitajika. Imeharibika. Nani angebisha? Kijiji kizima hakuna mwingine anayejua kaseti nzima inatofautianaje na mbovu. Mgombea angebaki ofisini, Mkiani ingepata maji, mama yake angeacha kuimba ule wimbo, daraja lingemalizika. Yule mkavu mwenye siri angerudi kulala mahakamani miaka mingine tisa. Na isitoshe, wananchi walimpigia kura nani? Walimpigia huyu wa kwenye debe. Huyo mwingine hakuna aliyemchagua. Alitokea tu, kidogo kidogo, huku tukimtazama.

Akainuka akaenda ofisini.

"Mheshimiwa," alisema akifunga mlango nyuma yake, "tuseme kuna zahanati haina maji, na maji yao yanakwenda Mkiani. Ungefanya nini?"

"Zahanati ya kata yetu?"

"Ya Ng'ambo."

"Ah!" mgombea alisema kwa huruma kabisa. "Masikini. Lakini hao hawapigi kura hapa."

Nakundwa akabaki anaitazama spika. Haikuwa na ubaya wowote sauti ile. Ilikuwa changamfu kama ilivyokuwa Ijumaa.

"Kuna wazazi mle," alisema. "Kuna mtoto wa jana."

"Nimesema vibaya," mgombea alisema. "Naona kwenye uso wako. Lakini sijui nimekosea wapi, fundi. Mimi ni wa wiki ya kampeni. Ninawajua wapiga kura wangu mia saba na tisini, majina na ng'ombe wao. Wengine sijafika."

Ndipo Nakundwa akamweleza yote. Bomba, wazazi, mvujo, msaragambo tatu, na ule mstari wa nasikitika. Mgombea alisikiliza bila kukatiza, jambo ambalo wagombea hawaliwezi.

"Nilivunja kiapo," alisema.

"Ulivunja."

"Kwa ajili ya watu tunaowashtaki."

"Hao hao."

"Nisomee daftari lote, nijue."

"Utajua. Lakini utakuwa umesoma tu. Yeye alipigiwa simu na nesi."

"Basi nina swali moja kwake," mgombea alisema. "Unaweza kulirekodi?"

* * *

Mkutano wa kijiji ukaitishwa Jumanne asubuhi, na ukajaa mpaka kwenye ngazi za shule. Mama Namsifu hakumaliza hata kusoma ajenda.

"Tunamtaka huyu!" watu walipiga kelele. "Huyu ndiye tuliyemchagua!"

"Sheria inasema mwenyekiti hurejeshwa kutoka nakala ya karibuni iliyo nzima," Mama Namsifu alisema. "Fundi atuambie kama kaseti ya mahakamani ni nzima."

Watu wote wakamgeukia Nakundwa. Mama yake alikuwa mstari wa mbele kwenye kigoda chake, kanga mpya mabegani. Mjomba mmoja wa Mkiani akamkonyeza kabisa, waziwazi, kama anayesema unajua la kufanya. Nakundwa alitamani, naapa, kusema lile neno moja.

"Ni nzima," alisema.

Minong'ono ikapanda. Akawaambia yaliyobaki kwa mkupuo, bila kuvuta pumzi, kabla ujasiri haujamtoka. Alipomaliza uwanja ulilipuka. Watu wa Mkiani walisimama juu ya madawati. Mzee Sifueli alinyoosha mkono mpaka akapewa nafasi.

"Nielewe vizuri," alisema. "Tunawashtaki Ng'ambo kwa kutuibia maji, na huku sisi wenyewe tunawapelekea maji?"

"Kila Alhamisi, baba."

"Na kaseti ya ushahidi wetu imeandikwa hivyo ndani? Na mimi ndiye niliyeipeleka?" Akakaa chini akajipepea kwa kofia. "Tumejishtaki wenyewe."

"Wananchi!" Ilikuwa spika. Mgombea alisubiri watulie, na kwa kuwa alikuwa mgombea mzuri, walitulia. "Mpinzani wangu ana miaka miwili na nusu ya kazi. Mimi nina maneno mazuri na nguzo sita. Yeye amewadanganya, na mimi sijawadanganya, lakini ni kwa sababu bado sijapata nafasi. Najitoa. Sharti langu ni moja. Kabla hajafungua mdomo, asikilizishwe swali langu."

Kuna waliolia. Mzee Sifueli alilia waziwazi, sijui ni kwa ajili ya mgombea au kwa ajili ya kesi. Nakundwa aliinamia kabati, akaweka kidole kwenye swichi.

"Msalimie Bibi Naelijwa," mgombea alisema. "Na Mkomberi..."

"Oyee," Nakundwa alinong'ona, akazima.

Kumimina kulichukua dakika arobaini. Watu walikaa kama msibani, wengine wakitafuna mahindi ya kuchemsha. Taa ya kijani ikawaka.

"Habari za asubuhi," ilisema sauti kavu tuliyoizoea. "Saa yangu na saa ya ukutani zinatofautiana kwa siku ishirini na nne. Naomba maelezo kwa maandishi."

"Subiri," Nakundwa alisema. "Kuna mgombea mwenzako ana swali."

Akabonyeza. Sauti changamfu ikajaa uwanjani: "Ndugu yangu, sikulaumu kwa kuwapa. Nataka kujua jambo moja. Kwa nini hukuwauliza wenyewe?"

Mheshimiwa Nkwabi anayekokotoa zamu za mwaka mzima kabla hujapiga chafya alikaa kimya sekunde kumi na moja. Nakundwa alizihesabu.

"Niliogopa mngekataa," alisema.

"Tungekataa!" walipiga kelele Mkiani.

"Tungekataa, ndiyo," Nakundwa alisema. "Na ungeuliza tena. Na tungekataa tena. Ungeendelea kuuliza mpaka tuchoke. Ndiyo kazi tuliyokupa. Mimi nimechimba mfereji mara tatu nikitafuta tundu lililokuwa mdomoni mwako."

"Nasikitika, fundi."

"Nimesoma. Sasa uliza."

Nesi Nietiwe alikuwa amefika, amesimama nyuma kabisa karibu na lango la shule, ndoo miguuni. Watu walimwona, wakampa nafasi pana kama vile ana surua.

"Watu wa Mkiani," Mheshimiwa Nkwabi alisema, na kwa mara ya kwanza tangu tumchague ilisikika kama hajui atajibiwa nini. "Naomba zamu yenu ya Alhamisi, kwa ajili ya zahanati ya Ng'ambo. Mnaweza kukataa."

Mkiani wote walimtazama Nakundwa, maana ndiye aliyekuwa amesimama. Nakundwa akamtazama mama yake. Bibi Naelijwa alikuwa anatazama ile ndoo.

"Huyo mtoto wa juzi," bibi aliuliza kwa sauti kubwa bila kugeuka, "ni wa kike?"

"Wa kike, bibi," nesi alijibu.

Bibi akaguna. Kwake hiyo ilitosha kuwa hotuba.

"Nusu," Nakundwa alisema. "Mkiani tunachukua nusu, Ng'ambo nusu. Na kila Alhamisi unatangaza kwa spika maji yanakwenda wapi, kwa jina. Nikisikia tena neno mvujo, kaseti ya kwenye debe iko palepale kwenye maharage."

"Imeandikwa," Mheshimiwa alisema. "Daraja litaendelea Jumapili. Na je, kesi dhidi ya Ng'ambo niiondoe mahakamani?"

Mkutano mzima ulisimama. Waliokuwa wamelala waliamka. Hata watu wa Mkiani waliokuwa hawajamaliza kununa walimgeukia Nakundwa kwa hofu.

"Kesi?" Nakundwa alisema. "Kesi iendelee! Tena kielelezo kirudi kabla ya kesho saa nne, tusije tukaonekana tumeogopa."

Shangwe zikapigwa mpaka bondeni.

"Na sisi tutakuja kujibu," Nesi Nietiwe alisema kutoka kule nyuma. "Tuna vielelezo kumi na viwili."

"Njooni navyo vyote," Nakundwa alisema. Akapita katikati ya watu mpaka langoni, akamshika mkono, wakapanda wote hadi ndiva. Akamjazia ndoo hadi juu, akaweka ngata kichwani pa nesi, akamtwisha.